Redio au simu? Kutangaza chakula cha asili kutoka Moshi ukiwa na laki tano mkononi

Mwaka huu watu watatu wameniuliza swali lile lile. Mmoja anafungasha asali Arusha, wa pili anasaga siagi ya karanga hapa Moshi mjini, wa tatu anakausha ndizi kule Uru. Wote wana chakula cha asili chenye jina la familia, na wote wametenga pesa kidogo ya kutangaza, kama laki tano hivi. Kila mmoja ameshapokea wageni wawili. Mgeni wa kwanza ni ofisa masoko wa redio, anasema mkoa mzima unamsikiliza. Wa pili ni kijana mwenye simu mbili na taa ya duara, anasema redio ni ya wazee. Laki tano wanayoitaka ni ile ile moja.

Jibu la haraka ni "changanya vyote", na ndilo tunaloambiwa kwenye semina. Lakini laki tano ukiigawa vipande sita, vyote sita vinapotea. Inabidi ujue kipi kinafanya kazi gani, kwa nani, na kipi kitangulie.

Mimi nauza unga wa ulezi na unga wa ndizi. Biashara aliianza mama yangu kwa debe moja la ulezi, ungo wake, na kibaba cha kupimia pale soko la Mbuyuni. Wateja walikuja kwa kuambiana. Baadaye akapata tangazo lake la kwanza redioni, likamtoa Mbuyuni likamfikisha hadi Rombo. Biashara ilipofika mikononi mwangu niliamini kazi yangu ni kuihamisha kutoka redioni kwenda Instagram, nikasitisha redio kabisa kwa miezi minane. Ukurasa ulipendeza. Wakati huo huo wenye maduka wa Himo na Mwika walianza kunipigia simu kuuliza kama tumefunga mashine.

Anayekula, anayechagua, anayelipa

Kabla ya kulinganisha redio na simu, walinganishe wateja wako. Huku kwetu uchagani mwanamke akijifungua anatunzwa. Anapikiwa mtori wa ndizi mshare, anapewa kitawa na maziwa, na uji wa ulezi haukosi kwenye chupa ya chai kando ya kitanda. Anayekunywa uji huo ni mzazi. Anayeamua unga ununuliwe wa nani ni mama mkwe au bibi. Anayetoa hela, mara nyingi, ni mume aliyeko Dar, Mwanza au Dodoma. Paketi moja ina watu watatu, na watu hao hawashiki chombo kimoja cha habari.

Bibi yuko shambani anakata majani ya ng'ombe, simu ya kitochi iko mfukoni mwa gauni na redio yake inaongea. Mume yuko kwenye foleni ya Ubungo anapitisha kidole kwenye status za watu. Mzazi mwenyewe amelala na mtoto, usiku mrefu, anaangalia TikTok.

Siku moja kijana alinipigia kutoka Dar. Mke wake alikuwa amejifungua siku nne zilizopita, amepelekwa nyumbani Marangu kwa mama. Akaniambia: "Mama ameniagiza nitafute ule unga wa redioni, wa mwanamke anayepepeta. Nimeuona kwenye status ya dada yangu, ndiyo huo?" Ndiyo huo. Tangazo letu la redio linaanza na sauti ya ulezi ukipepetwa kwenye ungo, shaa, shaa, halafu mama anasalimia. Kwenye paketi kuna mchoro wa mwanamke ameshika ungo. Mama yake kijana alisikia sauti, yeye akaiona picha, na hakuhitaji kuelezwa zaidi. Akalipa kwa Lipa Namba dakika hiyo hiyo, tukaupandisha unga kwenye Noah ya Marangu jioni ile.

Ukiniuliza ni tangazo gani lililouza paketi zile, sitakudanganya kuwa ni moja. Redio ndiyo iliyomshawishi bibi. Simu ndiyo iliyofanya mume alipe bila kusafiri. Na bila ule ungo, ambao upo kwenye vyote viwili, wangekuwa wanazungumzia bidhaa mbili tofauti.

Redio

Redio nitaizungumzia kwa kirefu kwa sababu ndiyo watu wanayoinunua bila kuikagua.

Kwanza, ikague kwa masikio yako. Mawimbi ya FM husafiri kwa mstari ulionyooka kama mwanga, na mkoa wetu ni migongo na mabonde. Kituo kinachosikika vizuri mjini kinaweza kukata kabisa ukishuka bonde moja Kibosho, na ukifika Tarakea redio za Kenya zinaingia kwa nguvu kuliko za kwetu. Kabla ya kulipa panda daladala, nenda mpaka maduka yako ya mwisho, washa redio pale. Nauli hiyo ni ndogo kuliko hasara ya kutangaza mahali ambapo husikiki.

Pili, nunua saa, usinunue idadi. Niliwahi kulipia kifurushi cha matangazo mengi kwa bei nzuri sana kwenye kituo kimoja. Wiki mbili zikapita bila mteja hata mmoja kulitaja. Aliyeniambia ukweli ni mlinzi wa mashine yetu: "Bosi, tangazo lenu nalisikia kila usiku, saa saba." Walikuwa wanamaliza idadi wakati watu wamelala. Sasa nadai ratiba ya urushaji kwa maandishi, yenye saa, kabla sijalipa. Nataka saa kumi na mbili asubuhi mpaka saa mbili, na saa za vipindi vya salamu. Pia naomba tangazo lisiwekwe mara baada ya matangazo ya vifo. Watu wetu huyasikiliza yale kwa utulivu wote, na si vizuri kumletea uji mtu ambaye hajui bado kama aliyetajwa ni wa kwao.

Tatu, rudia mahali pamoja. Mara tano kwa siku kwa wiki mbili kwenye kituo kimoja inashinda mara moja kwa siku kwenye vituo vitatu. Mtu anahitaji kulisikia mpaka alitarajie.

Nne, sauti. Tangazo letu la kwanza chini yangu lilirekodiwa na mtangazaji mwenye sauti nene na muziki wa kasi, likafanana na tangazo la mtandao wa simu. Mama alilisikiliza akakaa kimya, halafu akasema, "Huyu hajawahi kukoroga uji." Tukarudi studio yeye mwenyewe na ungo wake. Sekunde thelathini tu, na lafudhi yake ya Machame iko pale pale. Kwa chakula cha asili, lafudhi ni sehemu ya bidhaa.

Faida ya redio ambayo ofisa masoko hakuambii, kwa sababu hata yeye haifikirii, ni kwamba inamfikia mwenye duka. Mwenye duka wa Himo ana rafu moja na watu kumi wanaotaka kuweka unga pale. Anampa nafasi yule anayesikika, kwa kuwa anajua wateja watakuja wakiulizia. Ndiyo maana nilipozima redio, maduka ndiyo yaliyotetereka mapema kuliko wateja.

Upungufu wake ni kwamba haikupi hesabu. Hujui nani amesikia, na huwezi kumjibu. Mimi natumia laini mbili: namba inayotajwa redioni haionekani mtandaoni kabisa, na namba ya mtandaoni haitajwi redioni. Simu ikiita najua imetoka wapi. Laini ni ya bei ya soda, na hesabu yake ni ya kweli kuliko ripoti yoyote.

Gari, kuonja, bango, kalenda

Gari la matangazo peke yake ni kelele. Gari la matangazo pamoja na uji wa kuonja siku ya soko ni kitu kingine kabisa. Tunakwenda na chupa tatu kubwa za uji wa moto, vikombe vidogo, na kijana mmoja mwenye kipaza sauti ambaye kazi yake ni kualika tu, asipige porojo. Mama mmoja alisimama na kikapu cha maparachichi kichwani, akanywa kikombe chake chote amesimama vile vile, akauliza, "Umetia karanga?" Nikamwambia hakuna karanga, ni ulezi na ndizi tu. Akateremsha kikapu. Akanywa cha pili, akanunua paketi mbili, na akamwita mwenzake. Hakuna video inayoweza kufanya vile, kwa sababu chakula mwisho wake ni ulimi. Chukua kibali cha halmashauri kabla ya kuwasha spika, na wabebaji wa vikombe wawe wasafi kuliko unavyodhani inatosha.

Bango la barabarani, kwa laki tano, liache. Ukitaka kuweka kitu kando ya barabara kuu utahitaji ruhusa ya TANROADS, za mitaani ni TARURA, na bado kuna ada ya kila mwaka. Ukuta wa duka la mteja wako wa siku nyingi, ukiupaka rangi kwa makubaliano naye, unakupa karibu faida ile ile.

Kalenda bado inafanya kazi. Moja ukutani kwa mama ntilie inatazamwa mwaka mzima na kila anayesubiri chapati. Na usidharau ibada ya Jumapili: huku kwetu baada ya ibada kuna mnada wa mazao, na ukitoa paketi zako zikanadiwa mbele ya usharika wote, watu wanakumbuka nani alitoa. Nasema hivi kwa moyo wote, itoe kama sadaka kweli. Watu wa kanisani wanajua tofauti.

Simu

Hapa watu huanza na Instagram, na mimi nasema waanze na WhatsApp. Programu ya WhatsApp ya biashara ni bure tangu ilipotoka 2018. Inakupa katalogi ya bidhaa, majibu ya haraka, na lebo za kupanga wateja. Sisi tuna lebo tatu: wazazi, maduka, walioko mbali. Orodha ya kutuma ujumbe kwa wengi inabeba watu 256, na ujumbe unamfikia yule tu ambaye naye amehifadhi namba yako. Kwa hiyo kazi kubwa si kukusanya namba za watu, ni kuwafanya waihifadhi yako. Tunaiandika namba kwenye paketi kwa herufi kubwa, chini ya ule ungo, na maneno: "Ihifadhi, uagize."

Status hukaa saa 24 na kuondoka, na ndiyo uzuri wake: inaruhusu kitu kidogo cha kila siku. Leo ulezi umeanikwa, kesho paketi zinapandishwa kwenye basi. Wateja wetu bora wa Dar wanatoka kwenye status za ndugu zao, kama yule kijana.

Instagram ni dirisha la duka. Mtu akishasikia jina lako anakwenda kukutafuta pale kuona kama wewe ni wa kweli. Picha ishirini safi zinatosha: paketi, uji kwenye bakuli, mashine, alama ya ubora, bei, mahali pa kununua. Andika bei. Ile tabia ya "njoo inbox" inawachosha watu na inawafanya waamini bei inabadilika kwa kuangalia sura.

TikTok na zile video fupi ndizo zenye miujiza na maumivu. Tuliwahi kuweka video ya mama akipepeta, bila muziki, sauti ya ungo tu. Ikasambaa kuliko kitu chochote tulichowahi kuweka. Simu zikaita kutoka Mbeya, Tanga, mpaka Mtwara. Na hatukuweza kuuza. Mtu wa Mbeya anataka kilo moja. Gharama ya kuisafirisha ilizidi bei ya unga wenyewe. Hata wa Dar hawakuwa na nafuu: kutoka hapa mpaka Dar ni zaidi ya kilomita 500, mzigo unakwenda na basi, mteja aufuate Shekilango au stendi ya Magufuli kule Mbezi, tena siku ya kazi. Wengi walikata tamaa. Mama aliniuliza jambo moja tu: "Unawaita watu mezani, chakula kiko wapi?"

Tangu siku hiyo tuna kanuni: hatulipii posti hata moja kuelekezwa mji ambao hatuna duka linalouza unga wetu. Dar tulianza na duka moja Kimara. Na hapa chakula cha Kilimanjaro kina bahati yake. Dar mwenye duka la mtaani anaitwa Mangi hata kama si Mchaga, jina la watawala wetu wa zamani limekuwa jina la kazi. Ukimfuata Mangi ambaye kweli ni wa nyumbani, mkazungumza kidogo habari za kwao, anaweka paketi tano mezani bila kukuuliza maswali mengi. Baada ya hapo ndipo posti ya kulipia, ile vijana wanayoiita kubusti, inapata maana: unailenga Kimara na Mbezi, unaandika "unapatikana kwa Mangi wa kituo fulani", basi. Malipo yanafanyika kwa kadi ya Visa au Mastercard, hata ile ya mtandaoni unayoitengeneza kupitia akaunti ya pesa ya simu. Anza na kiasi kidogo kwa siku, usimpe mtu kadi yako "akufanyie".

Kuhusu watu maarufu: nilimlipa mmoja, akaweka stori, kesho yake ikatoweka, na pesa ikatoweka nayo. Hakunidhulumu, nilinunua saa 24 bila kuuliza. Ukilazimika kumtumia mtu mwenye wafuasi wengi, makubaliano yawe ya posti inayobaki, na video uwe na haki ya kuitumia mwenyewe kwenye ukurasa wako na status yako. Afadhali hata muuguzi mstaafu wa mtaani kwenu anayeheshimika kuliko msanii ambaye hajawahi kuonja.

Hesabu ya laki tano

Tuseme paketi ya kilo moja inakuachia faida ya shilingi 1,500. Laki tano ni faida ya paketi 334. Ukisikia hivyo unaona unahitaji umati, na hapo ndipo kijana wa taa ya duara anapokupata, maana yeye anauza umati.

Lakini mzazi hanywi uji siku moja. Analelewa karibu miezi mitatu, na kwa kilo moja kwa wiki, hiyo ni kama paketi 12. Gawa 334 kwa 12, unapata kama 28. Laki tano yako inarudi ukipata wazazi 28 wapya. Watu 28! Hao hawahitaji video ya kusambaa nchi nzima. Wanahitaji mabibi 28 walioshawishika, na namba ya simu inayopokelewa.

Fanya hesabu hii kwa bidhaa yako kabla hujachagua chombo. Mwenye siagi ya karanga mteja wake ni nyumba yenye watoto wa shule. Chupa moja huenda inakaa mwezi. Idadi yake ya wateja itakuwa kubwa zaidi na jibu lake litakuwa tofauti na langu.

Maneno yanayoweza kukuletea shida

Tofauti moja haizungumzwi sana. Tangazo la redio linapita mikononi mwa watu kabla ya kurushwa. Mtu atakuuliza hili neno una uhakika nalo? Posti unaiandika mwenyewe saa tano usiku na kuirusha, na inabaki pale kama ushahidi.

Vyakula vilivyofungashwa husajiliwa TBS, shirika la viwango, tangu jukumu hilo lilipotoka iliyokuwa TFDA, mamlaka ya chakula na dawa, mwaka 2019. Anayeanza apite kwanza SIDO, shirika la viwanda vidogo, barua yao inamsaidia mjasiriamali mdogo kupata nafuu ya ada. Ukishasajiliwa, usiandike kwamba unga unatibu kisukari au vidonda vya tumbo. Sema unachokijua: ulezi una kalsiamu nyingi kuliko mahindi na mchele, umeoshwa, umekaushwa kwenye kichanja, hauna mchanga. Kwa mnunuzi wa ulezi, "hauna mchanga" ni tangazo tosha.

Na hili nalisema kama mtu anayeuza unga wa uji: mtoto wa chini ya miezi sita ni maziwa ya mama peke yake. Usiweke picha ya kichanga kwenye paketi wala kwenye posti, hata kama inavutia na hata kama wengine wanafanya. Nchi yetu ina kanuni za kudhibiti utangazaji wa vyakula vinavyoshindana na maziwa ya mama, zinazofuata msingi uliowekwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1981. Zaidi ya kanuni, kuna bibi mmoja ataiona picha ile akamkorogea uji mtoto wa wiki mbili. Unga wetu ni wa mzazi, na tunalisema hivyo redioni na mtandaoni kwa maneno yale yale.

Picha za wateja nazo omba ruhusa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika Mei 2023, na mzazi aliyepigwa picha siku ya tano baada ya kujifungua ana haki ya kusema hapana.

Kipi kinavunjika kipi kinabaki

Oktoba 29, 2025 intaneti ilizimwa nchi nzima, na ikakaa hivyo kwa siku kadhaa. Oda zetu za WhatsApp zilikuwa sifuri. Maduka ya Himo, Mwika na Mbuyuni yaliendelea kuuza kadiri hali ilivyoruhusu, kwa kuwa paketi zilikuwa rafuni na wateja wanazijua. Kama ningekuwa bado kwenye ile miezi minane ya Instagram peke yake, ningekaa nyumbani.

Kwa upande mwingine, redio haiwezi kukurudishia mteja aliyehama. Mtu akihamia Dodoma, tangazo la Moshi halimfikii tena, lakini namba yako aliyoihifadhi anahama nayo.

Ndiyo maana kwetu mwezi wa kuunganisha vyote ni Desemba. Wachaga wanarudi nyumbani, magari yanapita Himo usiku na mchana, na yule mume wa kwenye status anakuja mwenyewe dukani akiwa na mama yake. Novemba tunanunua redio ili mabibi wawe tayari. Desemba tunakaa stendi na nje ya ibada na uji wa kuonja. Kila anayenunua tunamwomba ahifadhi namba. Januari wakisharudi mjini, kazi inaendelea kwenye simu.

Nilivyowajibu wale watatu

Mwenye asali wa Arusha nilimwambia aache redio. Arusha ni mji wa watu mchanganyiko, wageni na hoteli, na mnunuzi wake anachagua kwa macho. Aweke pesa kwenye lebo, picha nzuri, na bakodi inayoanza na 620, namba ya Tanzania, ili maduka makubwa yampokee, kisha meza kwenye Nane Nane pale Themi, Njiro. Hotelini apeleke chupa ya kuonja kwa mkono wake. Mpishi hanunui asali kwa sababu ya posti.

Mwenye siagi ya karanga, kuonja na WhatsApp kwanza, akianzia kwa wazazi wa shule moja. Redio baadaye, akishakuwa na maduka yasiyopungua kumi.

Wa ndizi kavu Uru ndiye ninayemwonea shaka kidogo. Bidhaa yake ni nyepesi, haiharibiki haraka, inasafirika. Yeye video inamfaa kuliko sisi sote, mradi asirudie kosa langu la kuita watu kabla ya kupeleka mzigo.

Na mimi laki tano yangu ya mwaka huu nimeigawa hivi: 220,000 redio, wiki mbili za Novemba, kituo kimoja. Uji wa kuonja 130,000. Kalenda 100,000. Posti za kulipia 50,000, Kimara na Mbezi tu. Status haina gharama zaidi ya bando na kuamka mapema.

Jumamosi tunarekodi. Mama ameshasema ulezi wa mara iliyopita ulikuwa na unyevu, haukulia vizuri kwenye ungo, kwa hiyo safari hii ameanika wa kwake darini tangu wiki iliyopita na hataki mtu auguse.